Uzi: Baada ya 1994 Rwanda ilimkabidhi jirani mfuko wa dawa. Tujadili kilichofanya kazi na ambacho bado hakijakaa sawa

#1 Mto Ruvubu

Wakuu, salaam.

Tangu ulipozinduliwa mpango wetu wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii mwaka 2024, ule wa wahudumu zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, kila mjadala humu ndani unaishia kwenye posho. Posho ni hoja ya haki kabisa, na nitaifikia. Ila naona tunaruka swali linalotangulia: nini hasa kinamfanya mama wa kijijini aamke saa nane usiku, mtoto anachemka, akabishe hodi kwa jirani yake badala ya kusubiri kukuche au kwenda kwa mganga wa kienyeji? Nimechagua Rwanda kwa sababu sijui nchi nyingine ambako swali hilo lilikuwa gumu kama pale baada ya mauaji ya kimbari ya 1994.

Sisi wa Ngara, mpakani na Rwanda, Aprili 1994 tunaikumbuka. Tarehe 28 na 29 watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi, na Benaco, ilipokuwa kambi yao, ikawa mji kabla hatujajua wale watu watakunywa maji gani. Goma, Zaire ya wakati ule, kipindupindu cha Julai kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi. Lakini hayo tuliyaona kwa waliotoka. Kule walikotoka, wauguzi na madaktari walikuwa wameuawa au wamekimbia, na vituo vimeporwa. Tena hospitali yenyewe haikuwa kimbilio: kule Butare wagonjwa na wafanyakazi waliuawa ndani ya hospitali, na miongoni mwa waliohukumiwa baadaye kwa mauaji ya kimbari walikuwamo watu wa fani ya tiba. Kwa hiyo aliyenusurika alikuwa na sababu ya kumwogopa jirani, na alikuwa na sababu ya kuogopa koti jeupe pia.

Hapo ndipo walipoanzia, mwaka 1995, na wahudumu wa jamii wapatao 12,000. Wanawaita abajyanama b'ubuzima, yaani washauri wa afya. Kufikia mwaka 2009 hivi walikuwa kama 45,000. Kila umudugudu, ambao ni kama kitongoji chetu, wenye kaya 100 hadi 150, ulipewa watatu: mwanamume na mwanamke wanaofanya kazi wawili wawili, na mwanamke wa tatu wa kushughulikia wajawazito na watoto wachanga.

Naomba tukae kidogo kwenye namna wanavyopatikana, maana mimi naamini siri iko hapo. Hawateuliwi na mganga mkuu wala na mwenyekiti. Siku ya umuganda, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambayo watu wote hutoka kwa kazi za pamoja, kijiji kinakutana. Sifa zinasomwa: awe mkazi wa hapo hapo, amemaliza shule ya msingi, anajua kusoma na kuandika, mwaminifu. Wanaotaka wanajitokeza mbele, na wanakijiji wanapiga kura kwa kujipanga nyuma ya wanayemtaka. Macho makavu, mchana kweupe. Katika kijiji ambacho kila mtu anajua nani alimficha nani na nani alimsaliti nani, kumfuata mtu ukasimama nyuma yake ni tamko zito. Mwanamke aliyechaguliwa hivyo akija kupima mkono wa mwanao kwa ule utepe wa rangi tatu wa kuangalia utapiamlo, hujiulizi katumwa na nani.

Na hakupewa fulana na baiskeli tu. Kuanzia miaka ya 2008 hadi 2010 walifundishwa, nchi nzima, kutibu watoto wa chini ya miaka mitano kwa magonjwa matatu yanayoua zaidi: malaria, nimonia na kuharisha. Anatoboa kidole kwa kipimo cha haraka, akiona malaria anatoa dawa mseto. Anahesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima, zikizidi kiwango anatoa amoksilini. Kuharisha ni ORS (chumvi maalumu ya kurudisha maji mwilini) na zinki. Akiona dalili za hatari hagusi, anaandika rufaa na mtoto anakwenda kituoni.

Matokeo, kwa tafiti za kaya za kitaifa: mwaka 2000 watoto 196 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2005 ni 152. Mwaka 2010 ni 76. Mwaka 2015 ni 50. Hiyo 152 kuwa 76 ndani ya miaka mitano, jamani, tafuteni nchi nyingine mniletee.

Naishia hapa kwa sasa, karibuni tuchambue.

#2 Kyaka Juu

Mkuu, nondo nzito, ila mimi nina swali la mfukoni. Huyo mama akishapewa rufaa, kule kituoni analipa nini? Kijijini kwetu CHF ya zamani, ule mfuko wa afya ya jamii, ilikufa kifo cha wazi. Watu walitoa pesa yao, wakifika zahanati wanaambiwa dawa hakuna, kanunue duka la mbele. Mwaka uliofuata nani arudie?

#3 Mto Ruvubu

Kyaka Juu, umegusa penyewe. Baada ya vita wafadhili walitoa huduma bure kwa muda, kisha mwaka 1996 ada zikarudi na watu wakaacha kwenda vituoni. Mwaka 1999 wakaanza kujaribu mifuko ya bima ya jamii katika wilaya tatu za afya, Byumba, Kabgayi na Kabutare. Wao huita mutuelle. Wakapanua nchi nzima kuanzia 2004, na sheria ya mwaka 2007 ikaifanya bima kuwa lazima kwa kila mkazi.

Mchango ulikuwa faranga 1,000 kwa mtu kwa mwaka. Ikaonekana ni dhuluma, tajiri na kibarua kulipa sawa, na pesa yenyewe haitoshi. Julai 2011 wakagawa kwa uwezo: wa chini kabisa 2,000 ambazo hawatoi wao, zinalipwa na serikali na wafadhili, wa kati 3,000, wenye nacho 7,000. Ukifika kituo cha afya ulikuwa unatoa faranga 200, hospitali unalipa asilimia 10 ya gharama.

Nani maskini na nani si maskini? Hapo walitumia ubudehe, utaratibu wa zamani wa kulimiana mashamba waliouhuisha kuanzia 2001. Wanakijiji wanakaa, wanachora ramani ya kijiji chao, kaya kwa kaya, na kupanga kila kaya kwenye daraja lake mbele ya watu wote. Kulikuwa na manung'uniko mengi juu ya madaraja hayo, watu kuwekwa pasipo stahili, lakini angalau ubishi ulifanyika kijijini kwa watu wanaojuana.

Ila jibu la swali lako hasa ni dawa. Kadi ile ilipata heshima kwa sababu, sambamba nayo, kuanzia majaribio ya 2001 na 2002 kule Cyangugu na Butare, na nchi nzima baada ya 2006, vituo vilianza kulipwa kwa kazi iliyofanyika na kukaguliwa: wajawazito wangapi wamehudhuria, watoto wangapi wamekamilisha chanjo. Kituo kisicho na dawa hakina wagonjwa, na kisicho na wagonjwa hakina fedha. Bima, dawa na malipo ya kituo vilikwenda pamoja. Sisi tuliuza kadi peke yake.

#4 Dada wa Siaya

Habari zenu kutoka upande huu wa ziwa. Kwetu Kenya, Septemba 2023 rais alizindua wahamasishaji wa afya ya jamii kama laki moja, kila mmoja na begi lake la vifaa na simu. Makubaliano ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu na nusu kaunti. Mimi ninachotaka kujua, hao wa Rwanda wanalipwa? Kwa sababu kazi hii nimeiona. Mama anaacha shamba lake, anazunguka nyumba za watu kutwa nzima, jioni mwenyewe hana mboga ya kupikia watoto.

#5 Mto Ruvubu

Dada, hapa ndipo ninapoumia na mfano huu ninaousifia. Mshahara hawana. Ni wa kujitolea tangu 1995. Walichofanyiwa ni kuunganishwa katika vyama vya ushirika, kimoja kwa kila kituo cha afya. Ushirika unalipwa kwa viashiria: wajawazito walioletwa mapema, waliosindikizwa kujifungulia kituoni, watoto waliopimwa lishe. Asilimia 70 ya fedha hizo inabaki kwenye ushirika kuwekezwa, asilimia 30 wanagawana. Ushirika mmoja unafuga nguruwe, mwingine unalima, mwingine una nyumba ya kupangisha. Penye viongozi wazuri umeinua watu kweli. Penye usimamizi dhaifu, mwanachama anasubiri gawio miaka na miaka.

Na tuseme ukweli: mzigo mkubwa umebebwa na wanawake. Yule wa uzazi anaitwa usiku, anashuka mlima na mjamzito, anangoja hadi mtoto azaliwe, anarudi asubuhi na jembe linamsubiri. Nchi ikijivunia vifo vya wazazi, yaani wanawake wanaokufa kwa sababu ya uzazi, kushuka kutoka 1,071 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2000 hadi 210 mwaka 2015, sehemu kubwa ya jasho hilo ni lake. Serikali inayoweza kununua kila kitu kingine isiseme haiwezi kumlipa huyu. Kenya hapo mmetangulia, mradi kaunti zilete ile nusu yake kila mwezi.

#6 Buyenzi Mtaa wa Kati

Nawasalimu kutoka Bujumbura. Naomba niseme ya kwetu, maana sisi nasi tulitoka vitani, na milima yetu ni ile ile.

Mei 2006 rais wa wakati huo alitangaza huduma bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa wanaojifungua. Lilikuwa jambo la huruma, mimi silipingi hata leo. Watu walikuwa wanazuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni, mama na kichanga chake, wiki kwa wiki. Lakini tangazo lilifika kabla ya maandalizi. Watu walijaa, wauguzi ni wale wale, dawa zikaisha, na fedha za kufidia vituo zikachelewa. Ilichukua hadi 2010, malipo ya vituo kwa kazi iliyofanyika yalipoenea nchi nzima na kuunganishwa na ule msamaha wa ada, ndipo mambo yakaanza kushika njia. Kwa hiyo Mto Ruvubu anaposema vitu viende pamoja, mimi namwelewa kwa kuwa tuliona vikienda kimoja kimoja.

Kitu kingine. Milimani mgonjwa alikuwa anabebwa kwenye ingobyi, machela ya kusuka, mabegani mwa wanaume wanne wanaopokezana. Hilo halikuanzishwa na mradi wowote. Wanyarwanda wanalo, sisi tunalo, hata Wakiga wa Uganda wana vyama vya kubebana hivyo na faini kwa asiyekuja. Tukisema afya ya jamii tukumbuke kuwa jamii ilikuwa inabeba wagonjwa wake kabla ya wizara.

#7 Kalamu Nyekundu

Nitakuwa tofauti na nyie. Rwanda ni nchi ya amri. Mtu anajiunga na bima kwa sababu mtendaji wa kata anamfuata mlangoni. Na takwimu za nchi ya amri mimi huzisoma kwa tahadhari. Msije mkatuletea kitu ambacho kinasimama kwa hofu mkakiita ushirikishwaji.

#8 Mto Ruvubu

Kalamu Nyekundu, hoja yako ina uzito na sitaikwepa.

Kwanza takwimu. Zile za vifo nilizotoa hazitoki kwenye daftari za vituo, ambako kiongozi anaweza kupindisha namba. Zinatoka kwenye tafiti za kaya, mtafiti anakaa na mama mmoja mmoja na kumuuliza historia ya uzazi wake wote, kwa utaratibu ule ule unaotumika kwetu na Kenya. Na tafiti hizo hizo ndizo zinazoiumbua serikali kwenye udumavu, kwa hiyo si za kupamba.

Pili, shinikizo lipo. Tangu 2006 viongozi wa wilaya husaini imihigo, mikataba ya malengo mbele ya rais, na asilimia ya waliojiunga na bima imekuwa mojawapo ya malengo hayo. Lengo likishakuwa kichwani kwa mtendaji, linashuka hadi kwa mwanakijiji asiye na faranga 3,000 kwa kila mtu katika nyumba ya watu saba. Kumekuwa na malalamiko ya watu kunyang'anywa mbuzi au kukataliwa huduma nyingine za ofisi mpaka waonyeshe risiti ya bima. Hilo ni baya, na aliyeibuka maskini kutoka vitani hakustahili kutendewa hivyo na ofisi ya kata.

Lakini jiulize: amri peke yake ingeweza kumfanya mama abishe hodi saa nane usiku? Amri inaweza kujaza orodha ya wanachama. Kumkabidhi mwenzako mtoto anayetweta ni jambo jingine, na wanawake wa Rwanda walilifanya, mamilioni ya mara. Kilichowashawishi ni kwamba walikwenda wakakuta dawa ipo.

#9 WAJA wa Sengerema

Mimi ni mhudumu wa jamii, niko kazini. Nimesoma uzi wote. Kuna mradi ulitufundisha miaka iliyopita, mafunzo mazuri, tukapewa mabegi. Mradi ulipokwisha mabegi yakabaki matupu. Watu walikuwa wanakuja kwangu nawaambia nendeni zahanati, na zahanati ni mwendo wa saa mbili. Baada ya muda wakaacha kuja. Hawakugombana nami, waliacha tu. Naomba mniambie wenzetu dawa zinawafikiaje huko mlimani, na nani anawasimamia?

#10 Mto Ruvubu

Dada yangu, pole na hongera kwa kubaki kazini.

Dawa zao hazitoki kwenye mradi. Zinapita njia ile ile ya dawa za serikali: kutoka wilayani hadi kituo cha afya, na kila mwezi wahudumu wanakutana kituoni, wanatoa ripoti ya walichotumia na kujaziwa kulingana na ripoti hiyo. Asiyeripoti hajaziwi. Kituoni kuna mtumishi mmoja ambaye kazi yake ni wahudumu wa jamii, anawatembelea, anakagua madaftari yao, anamtazama mhudumu akihesabu pumzi. Juu yake yupo msimamizi wa hospitali ya wilaya.

Kisha kuna simu. Mwaka 2009 walianza Musanze na utaratibu wa ujumbe mfupi wa RapidSMS, baadaye ukaenda nchi nzima. Mhudumu anamwandikisha mjamzito kwa ujumbe, mfumo unamkumbusha tarehe za kliniki, na akituma ujumbe wa hatari, kituo na gari la wagonjwa wanapata taarifa papo hapo. Simu ya kawaida ya vitufe inatosha.

Na malaria ilipopanda, kutoka chini ya wagonjwa milioni 1 mwaka 2012 hadi zaidi ya milioni 4 mwaka 2016, waliwaruhusu wahudumu kuwapima na kuwatibu watu wazima pia, vijijini huko huko. Miaka iliyofuata idadi ikashuka sana, na malaria kali na vifo vikapungua. Hilo lisingewezekana kama mabegi yangekuwa matupu kama lako.

#11 Kyaka Juu

Na hospitali je? Maana usiniambie mhudumu wa miguu atapasua mtu.

#12 Mto Ruvubu

Hapana, na hapo ndipo kuna somo ambalo wengi wanaoisifu Rwanda wanalikwepa.

Wilaya ya Burera, kaskazini mpakani na Uganda, ilikuwa na watu zaidi ya 300,000 na haikuwa na hospitali wala daktari. Mwaka 2005 Partners In Health, shirika la Dkt. Paul Farmer, liliitwa na serikali, likaanzia Rwinkwavu na Kirehe upande wa mashariki. Januari 2011 likafungua na wizara hospitali ya Butaro kule Burera, imejengwa kwa mawe ya volkano yaliyochongwa na mafundi wa hapo hapo, njia za kupita wagonjwa zikiwekwa nje ili hewa yenye kifua kikuu isizunguke ndani. Mwaka 2012 ikaanza kutibu saratani, kijijini. Farmer alifia Butaro, Februari 2022, akiwa bado anafundisha na kutibu pale. Alichotoka nacho Haiti, alikofanya kazi awali, ni kumsindikiza mgonjwa hadi nyumbani kwake: dawa za UKIMWI na kifua kikuu zinapelekwa na jirani, kila siku, pamoja na chakula penye njaa. Lakini nyuma ya jirani yule alijenga maabara, chumba cha upasuaji na wodi.

Sasa angalia hizi. Vifo vya wazazi 2015 ni 210, mwaka 2020 ni 203. Vifo vya watoto wachanga wa siku 28 za kwanza ni 20 kwa 1,000, kisha 19. Kipindi hicho karibu vilisimama, na hali wanaojifungulia vituoni walikuwa wamefika 93 kati ya 100, kutoka 28 mwaka 2005. Mhudumu ameshamaliza sehemu yake: amemfikisha mama mlangoni. Anayevuja damu baada ya kujifungua anahitaji damu ya kuongezewa, na kichanga kisichopumua kinahitaji mkunga mwenye ujuzi na kifaa mkononi. Droni za kampuni ya Zipline, ndege ndogo zisizo na rubani, zinapeleka damu kutoka Muhanga tangu Oktoba 2016 na zinasaidia kweli, ila daktari wa upasuaji na wa usingizi hapakiwi kwenye droni.

#13 Dada wa Siaya

Umesema udumavu unaiumbua serikali. Malizia hapo mkuu, usituache njiani.

#14 Mto Ruvubu

Mwaka 2005 nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, asilimia 51. Mwaka 2010 ni 44, mwaka 2015 ni 38, mwaka 2020 ni 33. Unaona mwendo wake ulivyo wa polepole ukilinganisha na vifo. Maana yake mtoto anaokolewa na malaria, anaokolewa na nimonia, halafu anarudi kwenye chungu kile kile cha viazi na maharage, bila maziwa, bila yai. Mhudumu anapima mkono wake, anaona utepe uko kwenye njano, anamfundisha mama kuchanganya uji, wanapika pamoja kwenye maonyesho ya mapishi ya kijiji. Mama anaelewa yote. Shamba lake ni kipande kidogo ubavuni mwa mlima, na amegawana na wakwe.

Wamejaribu mpango wa ng'ombe mmoja kwa kila familia maskini, ulioanza 2006, ndama wa kwanza wa kike anapewa jirani. Wamejaribu bustani za jikoni na unga wa lishe kwa kaya za chini. Vyote vimesaidia kiasi, hakuna kilichomaliza. Nchi ndogo, watu wengi, ardhi imechoka.

WAJA wa Sengerema, mkutano wenu wa kijiji ukifika, simama uulize mambo matatu kabla ya posho na pamoja na posho: begi langu linajazwa na nani na kila tarehe ngapi, nani kituoni jina lake limeandikwa kuwa msimamizi wangu, na nikituma rufaa usiku, gari linatoka wapi. Majibu ukiyapata yalete hapa tuyaone.

Tuendelee, nipo.